Kipilefti cha njia panda yetu: tuliyojifunza tangu vigingi hadi zege

Mtaani kwetu Ilemela, upande wa Buswelu, kuna njia panda ambayo kwa miaka mingi kila mzazi alikuwa na la kumwambia mtoto kabla hajaiendea. Barabara moja inashuka kutoka mlimani, kwenye yale mawe makubwa ambayo nusu ya Mwanza imejengwa juu yake. Nyingine inatoka sokoni, tambarare. Anayeshuka anakuja na kasi ya mteremko. Anayetoka sokoni haoni kinachokuja kwa sababu ya ukuta wa nyumba ya kona. Na hapo hapo katikati wapo bodaboda wanaokata kona kwa ndani, wanafunzi, akina mama wenye beseni za dagaa kichwani na vijana wa mikokoteni ya maji. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nimekaa mtaa huu tangu nyumba zikiwa za kuhesabika, na nilikuwa kwenye kamati iliyohangaika mpaka pale pakajengwa kipilefti, yaani mzunguko wa magari kwenye njia panda. Naulizwa sana na watu wa mitaa mingine tulifanyaje, ndiyo maana naandika.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayesoma ajue naelekea wapi. Duara la mawe katikati ya barabara halimzuii mtu kukimbia. Kinachomzuia ni pale njia yenyewe inapomlazimisha kukata usukani, akitaka asitake, awe amelewa au mzima, awe anaijua sheria au haijui. Kipilefti kisichopinda njia ya gari ni bustani tu, na nimeona mahali watu wamejenga bustani ya namna hiyo wakashangaa ajali haziishi.

Kabla ya hapo tulijaribu yale ya kawaida. Kibao cha kusimama kiliwekwa, kikang'olewa usiku kikaishia kwenye chuma chakavu. Likawekwa tuta upande wa mteremko. Magari madogo yalilitii, lakini bodaboda walipata upenyo kwenye ukingo wa lami wakawa wanapita bila kugusa breki, na daladala zikishavuka tuta zilikanyaga mafuta kufidia muda, hivyo zikafika katikati ya njia panda zikiwa ndiyo kwanza zinaongeza mwendo. Haya niliyaona asubuhi nyingi nikiwa nimekaa na daftari kwenye benchi la mama lishe wa kona.

Mtu yeyote anayetaka kurekebisha barabara ya mtaani kwake ningemshauri aanzie kwenye benchi kama lile. Ajali zinazofika kwenye vitabu vya polisi ni zile ambazo mtu ameumia au gari limeharibika sana. Kukoswakoswa hakuandikwi popote, na ndiko kunakoonyesha tatizo liko wapi. Yule mama alikuwa anajua kuliko sisi sote. Siku moja, akigeuza chapati, aliniambia: "Baba, ninyi mnaogopa usiku. Hapa saa mbaya ni saa moja asubuhi. Jua linawapiga usoni wanaotoka huku, na ndiyo saa watoto wanavuka." Nikakaa upande aliouonyesha, nikatazama. Kweli, madereva walikuwa wanakuja mkono mmoja umefunika macho. Hakuna mchoro wowote wa ofisini ungetuambia hilo.

Kwenye mkutano wa mtaa wengi walitaka taa za kuongozea magari. Nawaelewa, taa zinaonekana ndiyo maendeleo. Lakini taa zinahitaji umeme usiokatika, fundi wa kuzitunza, na usiku barabara ikiwa tupu watu huzipita tu. Na anayepita taa nyekundu usiku anapita kwa kasi yote aliyonayo. Mwenyekiti akaamua tusibishane bila mtaalamu. Barabara ile ni ya mtaa, kwa hiyo iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ndizo za TANROADS. Nasisitiza hili kwa sababu mitaa mingi hupoteza muda mrefu kupeleka barua kwa mlango usiohusika. Uliza kwanza barabara yako ni ya nani.

Injinia alipokuja hakufungua kompyuta. Alichukua kijiti, akachora njia nne kwenye vumbi mbele ya duka la mangi, akaomba kokoto. Kila mahali ambapo njia ya gari moja inaweza kugusana na njia ya gari jingine, akaweka kokoto. Watoto walijaa kumzunguka wakihesabu kwa sauti. Zikafika 32. Akatutenganishia: 8 ni pale magari yanapoachana, 8 ni pale yanapoungana, na 16 ni pale yanapokatana, moja likipita mbele ya jingine. "Hizi 16 ndizo zinazoua," alisema, "kwa sababu hapa gari linapigwa ubavuni, na ubavu wa gari hauna kinga." Kisha akafuta, akachora duara, mishale yote ikizunguka upande mmoja. Kokoto zikabaki 8: nne za kuungana, nne za kuachana. Za kukatana hakuna hata moja. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma kimya muda wote akasema, "Sasa nimeelewa, mwanangu." Nami, pamoja na miaka yangu yote kwenye ujenzi, sijaona mtu akieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Upinzani ulikuwepo, na ulistahili kujibiwa. Aliyetutesa zaidi alikuwa mzee aliyewahi kuendesha malori masafa marefu. Yeye alishikilia kwamba vipilefti vinaleta foleni, magari yanajifunga humo ndani hakuna anayetoka. Injinia hakumbishia. Alimwambia ni kweli, hata Uingereza zamani vilikuwa vinajifunga, kwa sababu hakukuwa na kanuni moja ya nani ampishe nani, walio ndani wakasimama kumpisha anayeingia, duara likajaa. Ndiyo maana mwaka 1966 wakaweka kanuni kwamba anayeingia ampishe aliye ndani tayari. Tangu hapo duara linajisafisha lenyewe. Sisi tunaoendesha kushoto tunazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo anayeingia anamtazama wa kuliani na kumpisha huyo. Kanuni hiyo kila aliyesomea leseni anaijua. Kuitii ni jambo jingine, na nitalirudia.

Mimi kwa upande wangu nilitafuta takwimu. Utafiti unaotajwa sana ni wa Marekani, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliotazama njia panda zaidi ya 20 zilizogeuzwa kuwa vipilefti: ajali zote zilipungua kwa asilimia 39, zenye majeruhi kwa asilimia 76, na za vifo au majeraha makubwa kwa takriban asilimia 90. Nilizisoma kwenye mkutano, lakini niliwaambia wenzangu tusizibebe kama zilivyo. Kule hakuna bodaboda waliobeba abiria wawili na gunia la mkaa. Watembea kwa miguu ni wachache, hakuna mikokoteni. Tunachoweza kukichukua bila wasiwasi ni sababu, kwa kuwa sababu haibadiliki: mwendo ukishuka, mtu anayegongwa ana nafasi ya kuishi. Gari likimgonga mtu kwa kilomita 30 kwa saa, wengi hupona. Likimgonga kwa 50, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu kwenye makazi, hatari ya kufa inaruka mara kadhaa.

Kilichotufundisha zaidi ni jaribio. Kabla ya kumwaga zege hata ndoo moja, tulikubaliana na injinia tujaribu kwa vitu vya kuondosheka, trafiki wakiwepo. Tulipigilia kigingi katikati, tukafunga kamba, kijana mmoja akatembea na ncha ya kamba huku mwingine akimwaga chokaa nyuma yake. Juu ya mstari wa chokaa tukapanga matairi chakavu tuliyoyapaka rangi nyeupe, na kwenye kila mdomo wa barabara tukaweka madramu ya mchanga. Kisha tukaacha magari yapite.

Asubuhi iliyofuata alama za matairi kwenye chokaa zilisema kila kitu. Waliotoka sokoni walikuwa wanapinda vizuri. Waliotoka mlimani walikuwa wanapita karibu moja kwa moja, wakiikwangua chokaa kidogo tu, kwa sababu katikati ya duara ilikaa mbali mno kuliani mwao. Yaani wale wale wa mteremko, ambao ndio tuliowalenga, ndio waliokuwa hawapunguzi. Tukang'oa kigingi tukakisogeza kushoto kwa anayeshuka, na madramu ya mdomo ule tukayapanga yamsukume kushoto kabla hajaingia, ili akifika alazimike kukata kulia ndipo apate njia. Ilikuwa hatua chache tu za kusogeza. Siku hiyo hiyo daladala zilianza kushika breki juu kabisa, kabla ya duka la mangi, na mama lishe akapiga makofi.

Baadaye tukaleta roli la mchanga likiwa limejaa. Nawasihi sana msiruke hatua hii. Gari refu likizunguka, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Yanakata kwa ndani. Roli letu liliyakanyaga matairi yetu mpaka mawili yakabingirika mtaroni. Dereva, kijana mstaarabu, alishuka akaniambia, "Shikamoo mzee. Mkiweka zege refu hapa, sisi tutapasua tairi kila siku, na mwisho tutapita kinyume." Dawa yake inajulikana: kuzunguka kitovu unaweka mkanda wa zege ulioinuka kidogo, wenye uso wa mawe. Roli likikosa nafasi linapandisha magurudumu ya nyuma juu ya mkanda. Gari dogo haliupandi kwa sababu unarusha, kwa hiyo linabaki kwenye njia yake iliyopinda. Vipilefti vya njia moja, yaani vile ambavyo magari yanazunguka kwa mstari mmoja, kwa kawaida huwa na kipenyo cha nje cha mita 27 hadi 55, na vile vidogo kabisa mita 13 hadi 27. Chetu kimegusa tu ule ukubwa wa chini wa njia moja, na bila mkanda huo malori yasingepita kabisa.

Hata ukubwa huo tuliupata kwa hisani ya mjane mwenye nyumba ya kona. Tulikwenda kwake na mwenyekiti tukaketi ukumbini, tukala karanga zake, tukazungumza ya mashamba na mvua kabla ya kulifikia lililotupeleka. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mayu, tunaomba kona ya ukuta wako." Hakukasirika. Aliuliza swali moja: "Mkiondoa kona yangu, maji ya mlimani yatakwenda wapi?"

Swali lile lilibadilisha kazi nzima. Ule ukuta uliokuwa unaziba macho ya madereva ndio uliokuwa unageuza maji ya mvua yasiingie kwenye nyumba tano zilizo chini yake. Mwanza mvua ikinyesha mlimani haizami ardhini, inateleza juu ya mwamba na kushuka yote kwa pamoja ikiwa na mchanga na taka. Barabara nyingi zetu zinauawa na maji kuliko magari. Basi tulianza na mitaro. Mtaro wa juu ukapanuliwa, kalavati likapitishwa chini ya barabara ya sokoni, na uso wa barabara ya kuzunguka ukainamishwa kuelekea nje, kiasi cha asilimia 2, maji yasituame kuzunguka kitovu. Kuinamisha nje kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: dereva akizunguka kwa kasi anahisi gari linamvuta nje, anapunguza mwenyewe. Mjane alipoona mtaro umekamilika ndipo alipowaruhusu mafundi waguse ukuta. Nadhani alifanya haki kabisa, na ningependa kila mwenye nyumba aulize kama yeye.

Kuchimba kwenyewe kulikutana na mwamba. Baruti katikati ya makazi haiwezekani. Wazee wetu wa kupasua mawe waliwasha moto juu ya mwamba mpaka ukapata nyufa, wakaumaliza kwa nyundo na mitalimbo. Vipande vikaenda kwa akina mama wanaoponda kokoto pembeni ya barabara, vikarudi kama kokoto za zege la pale pale. Kazi ilifanyika kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kwa sababu zege linalomwagwa kwenye vuli ya huku ni kumwaga hela.

Kuhusu watembea kwa miguu sitaki nipite haraka, kwa sababu wao ndio wengi kwenye barabara za mtaani na wao ndio husahaulika. Kivuko cha pundamilia hakiwekwi kwenye mdomo wa duara. Kinarudishwa nyuma kiasi cha urefu wa gari moja. Hivyo gari linalosubiri kuingia linasimama mbele ya kivuko, na mtoto anapita nyuma yake, mahali ambapo dereva wa pili ameshapunguza mwendo. Katikati ya kila barabara tukajenga kisiwa kidogo cha zege chenye uwazi wa kupita. Mtoto anatazama upande mmoja tu, anavuka nusu, anasimama salama, anatazama upande wa pili, anamalizia. Kina upana wa kumtosha mama mwenye mtoto mgongoni na mkokoteni wa maji. Tuliupima kwa mkokoteni wenyewe.

Kuna mzee wa mtaa wetu asiyeona, anayekwenda msikitini kwa fimbo yake. Yeye ndiye aliyetueleza upungufu ambao sisi wenye macho hatukuufikiria. Kwenye njia panda ya zamani alikuwa anasikiliza: magari ya upande mmoja yakinyamaza, anavuka. Kwenye duara sauti hazinyamazi, zinazunguka, hajui gari linatoka au linaendelea. Nimesoma baadaye kwamba wasioona wa nchi nyingi wana malalamiko hayo hayo. Tulichofanya ni kuweka zege lenye mistari ya kuhisika kwa fimbo kwenye mwanzo wa vivuko, na vijana wa bodaboda walijitolea kwa zamu kumvusha. Wanafanya hivyo hadi leo. Bado sijaridhika, maana mtu mzima anastahili kuvuka mwenyewe bila kumsubiri mtu. Anayebuni kipilefti na awaite wasioona tangu siku ya vigingi.

Yalikuja pia mabishano ya kitovu. Vijana walitaka sanamu ya sangara, kama mjini kwenye kipilefti cha samaki, mtaa nao upendeze. Nilipinga kuweka kitu kizito chenye ncha katikati, kwa sababu anayeshindwa kushika breki usiku atakifuata hicho hicho. Lakini kitovu kisiwe tambarare pia. Dereva akiona barabara ya ng'ambo inaendelea mbele yake, macho yanamwambia njia iko wazi. Kilima kidogo cha udongo chenye nyasi na maua mafupi pembeni kinamfungia hiyo picha, anajua kuna kitu cha kuzunguka. Tukakubaliana hivyo, na samaki wakachorwa kwa rangi kwenye kuta za mtaro. Wamependeza kweli, na watoto ndio waliowachora.

Sasa ile ahadi ya kusema juu ya utii. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Bodaboda walizunguka kinyume ili wasipoteze sekunde chache, konda aliteremsha abiria ndani ya duara, na kila mmoja aliamini mwenye honi kubwa ndiye wa kwanza. Kilichosaidia ni kuhamisha kijiwe cha bodaboda. Zamani kilikuwa upande ambao ili uelekee sokoni ilikuwa rahisi kwenda kinyume. Viongozi wao walikaa nasi, wakachagua wenyewe mahali papya chini ya mwembe, ambapo njia fupi na njia halali ni moja. Uzungukaji wa kinyume ukapungua bila faini. Kituo cha daladala nacho kikasogezwa mbele, baada ya kutoka kwenye duara, na mama lishe akapewa sehemu karibu nacho. Yeye ndiye tuliyemwogopea hasara, na ndiye aliyepata wateja zaidi.

Magari bado yanagusana pale. Taa ya nyuma huvunjika, kioo cha pembeni hukwanguliwa, watu wanashuka wanagombana wanaelewana wanaondoka. Zile za ubavuni, za kubebana kukimbilia hospitali ya Bugando, sijashuhudia tangu zege likauke.

Kilichobaki ni taa za usiku, kwa sababu wakati umeme umekatika kitovu hakionekani vizuri kwa anayeshuka mgeni. Ombi la taa za sola liko kwa diwani. Rangi ya pundamilia imeshaanza kufifia, na mkutano wa mtaa umekubali mchango wa kupaka upya kabla vuli haijaanza. Kisiwa cha upande wa sokoni kimevunjwa kona na fuso. Fundi ameshapima, anahitaji mifuko miwili ya saruji, na mangi amesema mmoja utatoka dukani kwake.